SAUTI YA KATI ISITUPWE



Mwisho wa muhula huu wanachama wa Chama cha Filamu cha shule yetu watapiga kura juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Jambo lenyewe ni hili: je, sauti zote za njia sita tulizozinasa tangu wanafunzi wa zamani walipotupatia kamera, zigeuzwe kuwa za njia mbili, na zile za asili zifutwe? Wako wanaosema ndiyo, na hoja zao si za kipuuzi. Mimi nasema hapana. Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nieleze kwa nini, ili kila atakayepiga kura ajue ni kitu gani anachotaka kukifuta.

Kwa wale wasio wanachama, yafaa niseme kwanza tuna nini katika sanduku letu. Tuna saa tisa za picha na sauti. Tumewanasa wavuvi wa sambaza wakitoka usiku katika Ziwa Kivu, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zimewashwa, nao wanaimba ili makasia yaende kwa mwendo mmoja. Tumewanasa wachuma chai wa Shagasha, na soko la Kamembe siku ya mvua. Tena tunayo saa nzima ya mvuvi mmoja mzee wa kisiwa cha Nkombo, aliyetueleza jinsi wavu unavyoshushwa, jinsi upepo wa ziwa unavyotambulikana, na majina ya nyimbo ambazo vijana hawaziimbi tena. Mzee huyo amefariki dunia mwezi wa pili mwaka huu. Wajukuu wake wameiomba filamu, na tumewaahidi. Basi ubishi wetu hauhusu mitambo tu.

Sasa niseme njia sita ni nini, maana wengi hupiga kelele juu yake bila kuijua.

Sauti tuliyoizoea, ya stirio, ina njia mbili: ya kushoto na ya kulia, kama tulivyoumbwa na masikio mawili. Mwingereza Alan Blumlein aliandikisha uvumbuzi wake juu ya jambo hilo mwaka 1931. Watu wa sinema hawakuridhika na mbili. Mwaka 1955 filamu ya Oklahoma! ilionyeshwa Marekani kwa mtindo wa Todd-AO, wenye njia sita za sauti: tano nyuma ya pazia la picha, na moja ukumbini kwa watazamaji. Baadaye mpango ukabadilika. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns iliingia katika majumba ya sinema na mtindo wa Dolby Digital, ambao nao una njia sita, lakini zimegawanywa namna nyingine: tatu mbele, mbili za kuzunguka ubavuni na nyuma, na moja ya ngurumo. Mpango huo ndio huitwa tano nukta moja, yaani 5.1. Ile “nukta moja” ni njia ya ngurumo, ambayo haihesabiwi kuwa nzima kwa sababu hubeba sauti nzito tu, zile za chini ya mitetemo 120 kwa sekunde au karibu na hapo.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao yake Geneva, limeeleza mahali pa kuweka spika hizo. Ya kati hukaa mbele ya uso wa msikilizaji. Ya kushoto na ya kulia hukaa digrii 30 kila upande. Mbili za kuzunguka hukaa kati ya digrii 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Wanafunzi wa hesabu wanaweza kuchora duara na kujionea.

Katika hizo sita, kila moja ina kazi yake. Ya kushoto na ya kulia hubeba muziki na mambo yanayopita mbele yetu. Za kuzunguka hubeba upepo, mvua, makofi ya watu. Ya kati ndiyo hubeba maneno. Sababu yake ni ya maana sana. Katika ukumbi mkubwa, mtu aliyeketi pembeni karibu na spika ya kushoto angesikia kana kwamba msemaji yuko kushoto, hali picha yake iko katikati. Kwa hiyo maneno yakawekewa spika yao wenyewe katikati ya pazia, ili kila mtu, popote alipoketi, aone mdomo na kusikia sauti mahali pamoja.

Kamera yetu inafuata mpango huohuo. Ina maikrofoni zake yenyewe zinazosikiliza pande zote, tena ina maikrofoni ndogo isiyo na waya anayoivaa msemaji kifuani. Sauti ya maikrofoni hiyo huingia katika njia ya kati. Kwa hiyo yule mzee wa Nkombo, maneno yake yamo katikati. Katika njia za kushoto na kulia kuna maji yanayopiga mitumbwi, na sauti yake kwa mbali sana, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Msomaji alishike jambo hili, kwani hoja yangu yote imejengwa juu yake.

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba kugeuza sita kuwa mbili ni kuchukua mbili na kuziacha nne. Programu za kuhariri picha hazifanani tabia. Nyingine ukiipa faili la njia sita katika kazi ya stirio, huchukua njia mbili za kwanza na kuziacha nyingine bila kusema neno. Nyingine huzichanganya zenyewe kwa kipimo chake. Nyingine hukutandazia zote sita mbele yako, uchague mwenyewe. Mtu asiyejua programu yake ina tabia gani anaweza kupoteza maneno yote, na kompyuta isimwonye.

Jambo hilo limewahi kutokea hapa kwetu. Familia moja ililetewa video ya arusi, iliyohaririwa na fundi ambaye sina haja ya kumtaja. Ngoma zilisikika vizuri, vigelegele vilisikika vizuri, hata jogoo wa jirani alisikika. Lakini bwana na bibi arusi walipokula kiapo, midomo ilicheza tu, neno halikutoka. Bibi wa bwana arusi, ambaye hakuweza kufika kanisani kwa sababu ya miguu, aliuliza kama wajukuu zake wamefungishwa ndoa ya mabubu. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Tena fundi alikuwa amekwisha futa faili la asili ili apate nafasi ya kazi ya juma lililofuata. Hakuwa mwizi wala mvivu. Alichukua njia mbili za kwanza, akaridhika kwa kuwa alisikia muziki.

Hatari ya pili ni mpangilio. Njia sita hazipangwi namna moja kila mahali. Katika mafaili mengi ya kompyuta ya aina ya WAV mpangilio ni huu: kushoto, kulia, kati, ngurumo, ya kuzunguka kushoto, ya kuzunguka kulia. Lakini watu wa sinema wana mpangilio wao wa zamani: kushoto, kati, kulia, ya kuzunguka kushoto, ya kuzunguka kulia, na ngurumo mwisho. Sauti ya aina ya AAC huanza na kati kabisa. Hebu tazama itakavyokuwa mtu akisoma mpangilio wa sinema akidhani ni ule wa WAV. Maneno yatatokea upande wa kulia. Muziki wa kulia utakaa katikati. Upepo wa kushoto utapelekwa katika spika ya ngurumo, ambayo haiwezi kuutoa. Na ngurumo yenyewe itaunguruma nyuma ya sikio la kulia. Ni kama mwalimu aliyeita majina darasani akitumia orodha ya darasa jingine: kila mtu ameitika, na hakuna aliyeitwa kwa jina lake.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kugeuza chochote, sikiliza kila njia peke yake, moja moja, uandike katika karatasi iliyomo nini. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Sasa nije kwenye namna iliyo sawa ya kugeuza, kwa maana sitaki kuonekana ninakataza tu. Namna inayojulikana sana ni hii. Njia mpya ya kushoto ni jumla ya kushoto ya zamani, na kati iliyozidishwa kwa 0.707, na ya kuzunguka kushoto iliyozidishwa kwa 0.707. Njia mpya ya kulia hufanywa vivyo hivyo kwa upande wake. Ngurumo mara nyingi huachwa. Programu ya bure iitwayo FFmpeg, ambayo mafundi wengi huitumia, hufuata kipimo hicho na huiacha ngurumo isipokuwa umeiagiza vingine.

Mtu atauliza, kwa nini 0.707 wala si nusu? Waliosoma fizikia watakumbuka kwamba nguvu ya wimbi hufuata mraba wa kimo chake. Sauti ya kati ilikuwa ikitoka katika spika moja. Sasa inatoka katika mbili. Kila moja ikipewa 0.707 ya kimo, nguvu yake ni 0.707 mara 0.707, yaani 0.5. Nusu na nusu ni moja. Mzee anabaki na nguvu ileile aliyokuwa nayo, ingawa sasa anaongea kwa vinywa viwili. Tungezidisha kwa nusu ya kimo, kila spika ingekuwa na robo ya nguvu, na maneno yake yangefifia mbele ya maji na ngoma.

Hapo ndipo hatari ya tatu. Jumlisha 1 na 0.707 na 0.707, upate 2.414. Kompyuta ina kilele chake kisichopandwa. Sauti ikizidi hapo, kichwa cha wimbi hukatwa, nasi husikia mkwaruzo kama wa redio yenye betri chakavu. Njia tatu zikipiga kwa nguvu pamoja, mkwaruzo utakuja. Unaweza kujikinga kabisa kwa kugawanya yote kwa 2.414, lakini hapo filamu nzima itakuwa ya kunong'ona. Mtu mwenye busara hutazama kipimo, hushusha kadiri inavyohitajika, wala hashushi zaidi.

Hatari ya nne inatuhusu sisi wa huku zaidi kuliko watu wa majumba ya sinema. Filamu zetu hutazamwa katika simu. Simu nyingi za bei ndogo zina spika moja tu, kwa hiyo njia mbili hujumlishwa tena ziwe moja. Sasa iko namna ya zamani ya Dolby Surround, ambayo huficha sauti ya kuzunguka ndani ya njia mbili kwa kuigeuza: upande mmoja wimbi likipanda, upande wa pili linashuka. Mtambo maalumu ukizipokea huweza kuitoa tena. Lakini spika moja ya simu ikizijumlisha, 1 na kasoro 1 ni sifuri. Upepo na wimbo wa makasia unatoweka. Kwa ajili ya wasikilizaji wetu yafaa tutumie ile jumla ya wazi niliyoieleza juu, kisha tusikilize kazi yetu katika simu ya kawaida kabla ya kuitoa. Tusijidanganye kwa hedifoni nzuri za maktaba.

Msomaji mwerevu atasema: “Basi wewe mwenyewe umetuonyesha namna nzuri ya kugeuza. Tugeuze hivyo, tukamilishe, tufute.” La, ndugu yangu. Kipimo cha 0.707 ni mahali pa kuanzia. Hakijui nini kimo ndani ya njia. Katika saa ile ya mzee, kuna dakika ambapo mashua yenye injini inapita na za kuzunguka zinajaa kelele. Kwa mjukuu atakayesikiliza katika simu, tungezishusha za kuzunguka hadi 0.3, ili maneno ya babu yake yasikike wazi. Lakini katika wimbo wa wavuvi, nyimbo zinajibizana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na mtu wa muziki angependa za kuzunguka zibaki juu. Kila mchanganyo ni uamuzi uliofanywa kwa ajili ya msikilizaji fulani. Tukihifadhi asili, uamuzi unaweza kufanywa tena. Tukiifuta, uamuzi wa kijana mmoja wa mwaka huu, aliyekuwa na haraka ya mitihani, unakuwa wa milele. Unga na chumvi vikisha kuchanganywa, nani atavichagua? Waswahili walisema zamani, maji yakimwagika hayazoleki.

Ukitaka kuona faida ya njia zilizotengana, tazama filamu za agasobanuye, ambazo kila mmoja wetu amezitazama, hata wale wanaojifanya hawazijui. Msimulizi anaketi na filamu ya kigeni, anaeleza kwa Kinyarwanda, anaongeza mzaha wake, na watu wanaelewa. Marehemu Thomas Nkusi, aliyejulikana kwa jina la Yanga na kufariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa wasimulizi waliopendwa sana. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Ni sanaa yetu ya Afrika ya Mashariki, wala sioni aibu kuisifu. Lakini mara nyingi, msimulizi anapoanza kusema, filamu nzima hushushwa pamoja naye: maneno ya kigeni yanashuka, na muziki unashuka, na mlio wa risasi unashuka. Kama filamu iko katika njia sita, msimulizi angeweza kushusha njia ya kati peke yake, akaketi yeye mahali pa yule mgeni, na muziki na vita vikaendelea kumzunguka kwa nguvu zake. Akiwa na njia mbili tu zilizokwisha changanywa, hana la kushika.

Sisi nasi tutalihitaji jambo hilo. Yule mzee alisema kwa lugha ya Nkombo. Siku moja tutataka kuweka juu yake maelezo ya Kinyarwanda kwa wanafunzi wa Kigali, na ya Kiswahili kwa ndugu zetu wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Tukiwa na njia sita, tutamshusha mzee kidogo, tuweke msimulizi, na maji ya ziwa yatabaki yakipiga mitumbwi kama alivyoyasikia yeye. Tukiwa na mbili, tutashusha ziwa lote.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili kwa heshima, maana walionipinga katika mkutano uliopita ni rafiki zangu, na wawili kati yao tunalala bweni moja.

Wanasema nafasi imekwisha katika diski. Ni kweli imekwisha, lakini tuhesabu. Kamera yetu huandika picha kwa kadiri ya megabiti 24 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 10.8 kwa saa. Sauti ya njia sita huandikwa kwa kilobiti 448 kwa sekunde, ambayo ni megabaiti 202 kwa saa. Tukiigeuza iwe ya njia mbili kwa kilobiti 256, tutaokoa megabaiti 86 kwa kila saa. Kwa saa zote tisa hazifiki hata megabaiti 800. Picha zenyewe zinakula gigabaiti 97. Huyu ni mtu ambaye mzigo wake wa magunia umemlemea, naye anatupa kitambaa cha jasho ili apate nafuu. Nafasi inatafutwa mahali pengine. Tunazo picha za majaribio, sakafu na dari na vidole vya mpigapicha, zipatazo saa mbili. Hizo zikifutwa tutapata zaidi ya gigabaiti 21, na hakuna mjukuu atakayezililia.

Wanasema tena kwamba hapa Rusizi hakuna mtu mwenye spika sita. Kweli hawapo wengi, nami sina. Lakini sijasema tuwape watu filamu ya njia sita. Tuwape ya mbili, iliyochanganywa vizuri. Asili tunaihifadhi kwa ajili ya anayehariri, kama mkulima anavyohifadhi mbegu ambazo hazipikwi jioni hii. Hatuli mbegu kwa sababu leo hatulimi.

Wako wanaosema kwamba sayansi imeendelea, na kompyuta siku hizi zinaweza kugeuza mbili kuwa sita, na hata kutenga maneno na muziki uliochanganyika. Ni kweli programu hizo zipo, tena baadhi yake hufanya kazi ya kushangaza. Lakini zinafanya kazi kwa kubahatisha: zimefundishwa sauti nyingi za watu, na kwa hizo zinakisia neno lililofunikwa lilikuwaje. Kwa filamu ya mchezo, kisio kizuri kinatosha. Kwa ushahidi wa mtu aliyekufa, akitaja jina la wimbo ambalo halimo katika kitabu chochote, sitaki kisio. Tena hakuna sababu ya kumwomba mganga arudishe mguu ambao tumeukata wenyewe ukiwa mzima.

Hoja yao ya mwisho ndiyo iliyo nzuri kuliko zote. Wanasema kuhariri kwa njia sita kunailemea kompyuta yetu kuukuu, na wanafunzi wapya wanachanganyikiwa. Hapo nakubaliana nao kabisa. Hakuna haja ya kila mwanachama wa mwaka wa pili kupambana na njia sita. Kwa kazi ya kila siku na tuwe na nakala za njia mbili. Ubishi wetu si juu ya nakala, ni juu ya kuifuta asili.

Basi nawaletea wanachama maazimio haya, ambayo wanaweza kuyakubali au kuyarekebisha.

1. Faili la asili lenye njia sita lisifutwe wala kuandikwa juu yake. Jina lake liwe na tarehe, mahali, na neno “asili”.

2. Kila faili la asili liwe na karatasi yake, au maandishi madogo kando yake, inayosema njia ya kwanza ina nini, ya pili ina nini, hadi ya sita. Mtu atakayekuja baada yetu asilazimike kupiga ramli.

3. Nakala ya njia mbili itengenezwe mara moja, kabla ya kuhariri kuanza, na mtu anayejua kipimo. Tusiiachie programu ya kuhariri ituchagulie yenyewe. Aandike pia kipimo alichotumia: kama za kuzunguka amezishusha hadi 0.5, aseme hivyo.

4. Nakala hiyo isikilizwe mara tatu: kwa hedifoni, kwa spika za ukumbi, na kwa simu yenye spika moja. Anayesikiliza awe mtu ambaye hakuwapo siku ya kunasa. Aliyekuwapo husikia maneno kwa kumbukumbu hata yasipokuwapo.

5. Nakala ya pili ya asili ihifadhiwe katika diski nyingine, nje ya chumba cha chama.

Kwa hilo la tano nawageukia ninyi wanafunzi wa zamani, kaka zetu na dada zetu, mlio Kigali na Huye, na mlio ng'ambo. Kamera mliyotupatia imefanya kazi kuliko mlivyotazamia. Hatuombi kamera mpya. Tunaomba diski moja, hata iliyokwisha tumiwa, ilimradi ni nzima. Na kama yuko miongoni mwenu anayefanya kazi ya sauti katika redio au televisheni, tunamwomba aje Jumamosi moja atusikilize na kutusahihisha, pamoja na kuzisahihisha hesabu zangu za hapa juu, akiona zimepinda.

Nanyi wenzangu wa chama, siku ya kura tafadhalini fanyeni jambo moja kwanza. Fungueni lile faili la Nkombo. Zimeni njia zote isipokuwa ya kushoto na ya kulia, msikilize kwa dakika moja. Kisha ziwasheni hizo tatu za mbele pamoja, msikilize dakika nyingine. Halafu inueni mikono. Yangu mimi itakuwa upande wa kuhifadhi.

Wenu katika kazi za shule,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita,
Chama cha Filamu.